Niliiba Shada la Harusi Yangu

Juma lililopita niliwaacha nikiwa nimesimama juu ya kitanda cha mke wangu, viatu mkono mmoja, mkono wa pili uko kwenye msumari ukutani. Nasikia kuna walionitukana kwenye vibanda vya chai. Nitukaneni tu. Nilikuwa naiba, sikatai.

Lakini nilichoiba ni shada la harusi yangu mwenyewe, na nililiiba kwa ajili ya mama yangu. Sikilizeni kwanza, hukumu itakuja.

Kwa ambaye hakuwapo: naitwa Fazal Din, mshonaji wa mashada ya harusi, ndani ya Lango la Delhi, Lahore. Kwetu hasa ni Jalandhar, ila Jalandhar siku hizi ni nchi nyingine. Nchi ilipokatwa vipande viwili, India na Pakistan, tulitoka na msafara, nikampoteza mama kwenye vumbi la watu na ng'ombe. Mimi nikatokea Lahore. Yeye akaishia Malerkotla, mji ambao Waislamu wake walibaki ng'ambo, upande wa India, na hawakuguswa.

Baba Karam Bakhsh aliniokota kambini kwa sababu ya mikono yangu. Akanipa kazi dukani kwake, kisha akanipa binti yake Sughra na chumba cha juu. Ndiyo, naishi ukweni. Mtaani wananiita mwanamume aliyeolewa. Nimezoea kuitwa hivyo, lakini sijawahi kupenda.

Kwetu bwana harusi huvishwa na baba mkwe shada la noti. Langu nililishona mwenyewe, Baba akanivisha. Kila noti inakunjwa makunjo membamba, inatobolewa sindano mara tatu na kufungwa uzi katikati, halafu inatanuliwa mpaka inakuwa ua. Sura ya mfalme wa Uingereza unaiacha nje. Ile sehemu nyeupe ya noti unaizamisha ndani ya makunjo, maana haipendezi.

Shada hilo linatundikwa chumbani na halifumuliwi mpaka azaliwe mtoto wa kwanza. Ukilifumua kabla, umeifumua ndoa. Wateja wengine wanalichukulia hili kama mzaha, lakini sisi washonaji hatuna mzaha nalo. Mimi hata kunjo moja la shada la mtu siligusi likishavaliwa.

Tulioana wakati pesa bado ni moja huku na kule. Miezi haikupita mingi, serikali yetu mpya ikatoa noti zake. Zake kwa jina tu! Zilikuwa noti zilezile za India, rangi ileile, mfalme yuleyule, ila kwenye ile sehemu nyeupe zimegongwa chapa ya maneno, Serikali ya Pakistan, kwa Kiingereza na kwa Kiurdu. Ikapigwa mbiu kwamba zile zisizo na chapa zibadilishwe kabla ya siku ya mwisho. Baada ya hapo ni karatasi.

Baba alipanda ngazi anahema. "Sughra, teremsha shada tukabadilishe."

"Nikilifumua, Baba, ndoa yangu nani atanishonea?"

"Mtoto wa mshonaji wewe! Nitakushonea mimi."

"Hutaweza. Wewe unashona mashada tu."

Siku ya mwisho ikapita. Mtaa mzima ukamcheka, binti Karam Bakhsh kalaza maiti ukutani. Naye akawa anafuta vumbi shada lake kila Ijumaa, anaimba.

Kisha akaja mtu kutoka Malerkotla na salamu za mama. "Analala kwenye baraza ya msikiti," akasema. "Anakohoa vibaya. Anauliza kama bado una miguu."

Huyo ndiye mama yangu. Hata akiwa anakufa lazima akuchome.

Kumtoa kule kulitaka nauli ya lori, na kitu kidogo kwa huyu, na kitu kidogo kwa yule. Noti zetu za chapa zikivuka mpaka hazinunui hata kitunguu. Zisizo na chapa ndizo pesa ng'ambo, na Lahore zilikwisha siku nyingi. Wabadilishaji wa uchochoroni walikuwa wanakukata nusu, na wakishajua una shida wanaikata hiyo nusu.

Katika mji mzima nilijua mahali pamoja tu penye noti safi za India. Zilikuwa juu ya mto ninaolalia.

Nilimwomba Sughra. Akasema, "Subiri."

"Nisubiri nini? Azikwe?"

"Unasikia? Nimesema subiri." Mwanamke wa kwetu hamtaji mume wake jina. Mimi kwake jina langu ni Unasikia.

Nikanuna. Nikahamishia mkeka wangu dukani. Tukawa tunapishana ngazini kama wapangaji, mpaka ilipofika ile Alhamisi.

Asubuhi hiyo alishuka amevaa baibui lake jipya. Niliona kitu kimoja, kwamba bangili zake hazikulia. Kwa kawaida unamsikia Sughra kabla hujamwona. Nikajisemea, amezivua ili nisijue anapita. Kununa nako kuna ufundi.

"Naenda na Baba kwa shangazi," akasema, anatazama ukuta. "Leo usiende mbali. Tukirudi nikukute."

"Hiyo ni amri?"

"Ni ombi, ila nimelisema kwa haraka."

Baba akawa tayari keshapanda gari la farasi, anajikohoza. "Bwana harusi," akaniita, "leo kaa nyumbani. Kuna siku mtu anakaa nyumbani tu."

Gari halijageuka kona, mimi niko juu ya kitanda.

Haya, hapo ndipo tulipoachana. Niliutoa msumari na shada likanidondokea usoni. Nikasimama nalo muda. Lilinukia mafuta ya nazi ya kichwa cha Sughra. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilikuwa nachukua kitu pekee ambacho mwanamke yule alikigombea mbele ya baba yake na mbele ya mtaa, na nilikuwa nakwenda kukifumua kwa mikono yangu nikifika ng'ambo.

Nikasema moyoni, mke ataninunia mwaka. Mama hana mwaka.

Kibali nilikuwa nacho. Nilipokwenda kukiomba, vile vya kwenda na kurudi walininyima. Dalali mmoja akaninong'oneza nichukue cha kwenda kukaa kabisa, hicho wanakitoa. "Na kurudi je?" nikamwuliza. "Unarudi na mama yako," akasema. "Mtu anayeingia amemshika mkono mama mkimbizi, upande wetu hawamwulizi kitu." Nikaona ni akili kubwa. Mama angekuwa kibali changu cha kurudi.

Na pesa mtu anavuka nazo vipi bila kuonekana ana pesa? Anazivaa. Nikafunga kilemba chekundu, nikalivaa shada shingoni juu ya koti, nikapanda lori la vitunguu linalokwenda mpakani. Bwana harusi nani atamkagua?

Katikati ya njia tulilipita gari la farasi la Baba. Nikainama nyuma ya magunia haraka. Nilijiuliza tangu lini shangazi yao akahamia huku mashambani, halafu nikaacha kujiuliza. Mwizi hana nafasi ya maswali.

Mpakani kuna mapipa yaliyopakwa chokaa, mahema, na mstari mweupe barabarani. Wachukuzi wa huku wanabeba mzigo mpaka mstarini, wa kule wanaupokea kichwa kwa kichwa. Wanataniana kwa Kipunjabi kilekile, lakini mguu hauvuki.

Upande wetu askari alitazama kibali, akatazama shada, akacheka. "Watu wote wanakimbilia huku, wewe unakimbilia kule! Huyo mwanamke ana nini?"

"Ana ndevu," nikamjibu, nikavuka mstari. Sikujua kwamba ule ndio utani wangu wa mwisho siku hiyo.

Ng'ambo nikaingizwa kwenye hema la forodha. Afisa alikuwa mtu mwembamba, miwani yake imefungwa uzi sikioni. Kwenye kisahani chake kulikuwa na chapati na mboga ya haradali iliyopoa. Akasoma kibali.

"Lahore sehemu gani?"

"Ndani ya Lango la Delhi."

Akaweka chapati chini. "Upande gani?"

"Nyuma ya hamamu."

"Yule mzee wa maziwa mgando, mwenye jicho moja, yupo?"

"Yupo. Na maji bado anatia."

Akacheka, kisha akafuta miwani, ingawa haikuwa na kitu. "Mkabala naye kuna nyumba ya mlango wa kijani."

"Wamo watu wa Ludhiana, wakimbizi."

"Mlango bado wa kijani?"

"Bado, bwana."

Akairudisha miwani usoni. Nilimwonea huruma, na papo hapo nikafikiri huruma hii itanisaidia. Ndivyo nilivyo, siwafichi.

"Unakwenda kuoa?" akauliza, sauti imerudi ya kazi.

"Malerkotla. Kuoa na kukaa."

"Na shada umelivaa kabla ya harusi. Kwetu Lango la Delhi tulikuwa tunavishwa na mkwe." Akatoa pini ndefu kwenye makaratasi yake, akavuta ua la kwanza kifuani kwangu.

"Usilifumue!" Nilipiga kelele mpaka askari akachungulia. "Bwana, nakusihi, utaivunja ndoa yangu!"

Pini ikasimama hewani. "Ndoa gani? Si ndiyo kwanza unakwenda kuoa?"

Jamani. Nilidanganya serikali mbili asubuhi moja, halafu nikasalitiwa na imani yangu mwenyewe. Mtu wa kazi nyingine asingepiga kelele ile.

Akalikunjua ua taratibu, kunjo kwa kunjo, mpaka ikatokea ile sehemu nyeupe. Akaigeuza niione.

Serikali ya Pakistan.

"La," nikasema. "Hilo moja limeingia kwa bahati mbaya."

Akafungua la pili, lina chapa. La tatu lina chapa. Akaacha, nikaendelea mimi mwenyewe, nafumua kwa vidole vyangu, sikumbuki tena habari ya nuhusi. Shada zima lilikuwa noti za kwetu, noti za kununulia unga Lahore. Pale nilipokuwa nimesimama hazikuwa na thamani.

Ndipo nikaliona fundo. Mimi hufunga uzi upande wa kulia. Mafundo haya yalikuwa kushoto, madogo, yamekazwa kwa meno. Mtu mmoja tu hushona hivyo, na mimi ndiye niliyemfundisha. Sughra hutumia mkono wa kushoto.

Hasira niliyoipata sijawahi kuipata, hata kwa waliochoma nyumba yetu. Kumbe yule aliyekataa kulifumua kwa ndoa, alilifumua kwa siri! Alijua nitalichukua. Akatoa pesa hai, akaniwekea za kunifunga miguu ili nisiende kwa mama yangu. Nilimlaani mke wangu ndani ya hema la wageni, kwa sauti, na afisa akanisikia.

"Kaa chini," akasema. "Nikuandike kama mlanguzi au kama mpumbavu, bado sijaamua."

Nikakaa juu ya sanduku. Nje likapita lori likielekea mstarini, na ndani yake bibi kizee mmoja alikuwa anamtukana dereva. "Endesha kama mtu aliyezaliwa na mwanamke! Mifupa yote umeivunja, umebakiza ulimi tu!" Kisha akakohoa.

Nikamkumbuka mama yangu, moyo ukauma. Lakini vikongwe wa Punjabi wote hutukana hivyo. Sikuinuka.

Mkisikia mtu anasema yeye ndiye mpumbavu kuliko wote, mwulizeni kama aliwahi kukaa kwenye sanduku wakati mama yake anapita.

Haukupita muda, dereva wa lori akaingia kugongewa karatasi zake. Kalasinga mnene, ndevu nyeupe, amechoka, anacheka. "Afisa, niondolee. Abiria wangu wameshavuka mstari kwa miguu, na yule bibi mmoja kanitukana tangu Malerkotla. Nimejua makosa ambayo hata mke wangu hakuwahi kuyagundua."

Akalipia ada kwa noti ya rupia kumi, ya India, haina chapa. Afisa akaiinua kwenye mwanga.

"Sardarji, pesa zako zimeliwa na nondo?"

Noti ilikuwa na matundu katikati. Matatu mstari mmoja, yako karibukaribu, na mikunjo myembamba kama ya upepeo. Nilisimama mpaka sanduku likaanguka. Matundu matatu, na alama ya fundo kulia. Ule ni ushonaji wangu.

"Noti hii umeipata wapi?"

Kalasinga akanitazama kilemba mpaka viatu. "Wewe nani?"

"Fazal Din. Mkwe wa Karam Bakhsh wa mashada."

Akajipiga paji la uso kwa nguvu. "Ee Mungu! Na hapa unafanya nini?"

"Wewe ndiye nani?"

"Kehar Singh! Mimi ndiye niliyekuwa namletea mkweo nyuzi za dhahabu kutoka Amritsar, miaka yote, kabla ya huu wazimu. Mkeo alinitumia noti hizi kwa mkono wa baba yake, hapo mstarini. Nikamtoe mama wa mume wake Malerkotla, nimfikishe leo Alhamisi. Nimemfikisha!" Akageuka kwa afisa kama anaomba shahidi. "Mama wa huyu ndiye yule bibi!"

Nikauliza swali la kipumbavu. "Kwa nini hakuniambia?"

Kalasinga akashika ndevu, akaona haya kwa niaba yangu. "Alisema asijue mtu, na zaidi ya wote wewe mumewe. Maana watu wa njiani wakisikia, bei inapanda, na wengine wanaharibu tu kwa ubaya. Alisema wewe ni mtu mwema sana. Ila mdomo wako hauna mlango."

Ni kweli. Ukinipa siri asubuhi, adhuhuri inauzwa na chai. Wasomaji wa tangu mwanzo mnaikumbuka redio ya jirani yangu, niliyoitaja kwenye kibanda cha chai, na yaliyompata. Sughra hakuisahau.

Hapo ndipo bangili ziliponijia. Hakuzivua kwa kununa, aliziuza. Aliuza bangili zake apate noti za chapa, akakaa peke yake wakati mimi nalala dukani na hasira zangu, akashona shada jipya, akalitundika ukutani ili wanawake wa mtaa wasiseme amefumua ndoa yake. Na ndoa yake alikuwa keshaifumua, yeye aliyeiamini kuliko mimi, amlete mama asiyemjua.

Na mimi nilikuwa nimemlaani mbele ya watu.

Nikatoka hemani mbio. Askari akanizuia mlangoni kwa bunduki iliyolala, afisa akaja nyuma yangu.

"Bwana, narudi nyumbani," nikamwambia. "Mama yangu yuko kule. Niandike mpumbavu, niache nirudi."

Akafungua kibali changu. Alikisoma polepole, nafikiri alitamani kiwe kimeandikwa kitu kingine.

"Kinasema umekuja kukaa. Nimeshakigonga muhuri. Karibu India." Hakusema kwa kejeli. Ingekuwa kejeli ningeweza kumtukana. "Kwa upande wangu huna ruhusa ya kutoka. Kwa upande wao huna ruhusa ya kuingia. Nilisubiri kibali mwaka mzima nikaangalie mlango wangu tu, bwana harusi. Kuangalia tu. Sikukipata."

"Basi nifike mstarini niwaone."

Akanisindikiza yeye mwenyewe. Tukasimama kwenye mapipa.

Gari la farasi la Baba lilikuwa hapo ng'ambo, karibu kiasi kwamba nilimsikia farasi akitafuna. Baba alikuwa anafunga mzigo. Pembeni alisimama mwanamke wa baibui jipya, ananywesha maji kitu kidogo kilichojikunja juu ya tandiko. Kile kitu kidogo kikageuka.

"Fazala?" Sauti ile ilivuka mpaka bila kibali. "Wewe Fazala! Unafanya nini huko? Mimi niko huku!"

"Nimekuja kukuchukua, mama!"

Wachukuzi wa nchi zote mbili wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikawa nalia humohumo.

"Nimekalia lori siku mbili nije kwako," akapiga kelele, "na wewe unakwenda nilikotoka! Hata tumboni mwangu ulitoka kinyumenyume, mkunga ni shahidi! Haya, acha mchezo, njoo huku."

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Barabara si hiyo?"

"Siwezi."

Kicheko cha wachukuzi kikakatika. Baba akaacha kamba, akakaa chini palepale barabarani. Hakuniita bwana harusi. Sughra hakusogea. Alikuwa anatazama kifua changu, na mimi nikakumbuka nimelivaa shada lake.

Kitu pekee nilichoweza kufanya ni kurudisha nilichoiba. Noti zile hazikuwa na kazi India, nyumbani kwake zilikuwa bangili zake. Nikalivua, nikalikunjia kwenye kilemba, nikamwekea mchukuzi mmoja kichwani. "Mpe yule dada. Mwambie nimeona fundo la kushoto. Mwambie anisamehe."

Afisa akatazama tu. Mzigo ukafika mstarini, ukapokewa kichwa kwa kichwa, ukaenda mpaka kwenye gari la farasi. Shada lile lilikuwa na ruhusa ya kurudi Lahore, mimi sikuwa nayo.

Nikaona anaongea na mchukuzi. Aliongea muda. Kisha mzigo ukarudi, kichwa kwa kichwa, ukatua mbele yangu vilevile kama ulivyokwenda.

"Amekataa," mchukuzi akasema, anajifuta jasho. "Anasema huu si mzigo wa kubebwa na mchukuzi. Anasema lije shingoni mwako, au lisije."

Jua lilikuwa limeinama. Askari wa huku na wa kule wakaanza kuvuta mapipa kufunga njia.

Nikalitoa shada kwenye kilemba, nikalivaa. Maua niliyoyafumua yalining'inia, yanaonyesha chapa zao.

Na hapo, mbele ya baba yake, mbele ya wachukuzi, askari na mama mkwe, yule mwanamke akafanya jambo ambalo hakuna mke wa kwetu anayelifanya. Akaita jina langu.

"Fazal Din!"

Afisa wa mlango wa kijani akatoa sigara, akaupa mstari mgongo. "Upepo huu," akasema, akikinga kiberiti kuelekea Amritsar, "mtu anaweza kuchukua muda mrefu kuiwasha. Mimi sitaona. Yule askari wa pipa la mwisho simjui, amekuja jana."

"Fazal Din!" akaita mara ya pili.

Nikamtazama yule askari. Naye alikuwa ananitazama mimi, mikono yote miwili iko kwenye bunduki.

Nikauinua mguu.